Klova Iliyonusurika: Dawa za Magugu na Kemia ya Malisho Katika Miteremko ya Mlima Elgon

Dawa ya magugu huuzwa kwa ahadi mbili, kwamba mmea usiotakiwa utakufa na kwamba mmea unaotakiwa utabaki, na ukaguzi wa dawa hiyo hutazama pia mabaki yake katika nafaka, maziwa au nyama. Ahadi hizo hazisemi lolote kuhusu hali ya mmea uliobaki. Mmea ulioguswa na dawa bila kufa huendelea kuishi ukiwa na kemia iliyobadilika: baadhi ya kemikali ulizokuwa ukizitengeneza siku zote hupungua, nyingine huongezeka, na mnyama anayeula hupokea mabadiliko hayo hata kama dawa yenyewe imekwisha kuvunjikavunjika. Jambo hilo linatazamwa hapa kwa kuifuata klova, mmea mdogo wa jamii ya kunde wenye majani matatumatatu, katika miteremko ya Mlima Elgon kutoka Kapsokwony hadi nyanda za Kitale, ambako mahindi, viazi, maharagwe na malisho vimepakana kwa ukaribu kiasi kwamba bomba la kupulizia linalobebwa mgongoni haliwezi kuhudumia shamba moja bila upepo kulipa sehemu yake shamba la pili.

Klova ya eneo hili haikuletwa na mtu. Nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia zina spishi zake nyingi za klova, na mashuhuri zaidi miongoni mwake ni Trifolium semipilosum, ambayo katika vitabu vya malisho hujulikana kama klova nyeupe ya Kenya. Hutambaa chini ya nyasi fupi, hasa nyasi ya kikuyu, hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina, na hustahimili kukanyagwa na kuliwa mara kwa mara. Juu zaidi mlimani, katika nyasi za baridi zinazoelekea kilele cha mita 4,321, huota pia Trifolium burchellianum, ambayo haihitaji mbegu ya dukani wala mbolea. Kwa hiyo mfugaji wa Kapsokwony anayesema kuwa hajapanda klova husema kweli, lakini ng'ombe wake wanaila hata hivyo, kando ya njia, kwenye kingo za mashamba na katika uwanda mdogo ulioachwa kwa malisho.

Kitale, kwa upande wake, ni mji uliojulikana kwa malisho na si kwa mahindi peke yake. Kituo cha utafiti wa nyasi kilichokuwa hapo, ambacho sasa ni sehemu ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO), ndicho alichofanyia kazi Alexis Bogdan, mtaalamu wa mimea ambaye kitabu chake kuhusu malisho ya nchi za joto, kilichotoka mwaka 1977, bado hutumiwa na wanafunzi wa kilimo. Baadhi ya aina za nyasi ya Rhodes zilizotoka huko hubeba majina ya eneo lenyewe: Masaba, ambalo ni jina la mlima, pamoja na Pokot. Kampuni ya Kenya Seed ilipoanzishwa Kitale mwaka 1956 ilikuwa na lengo la kuzalisha mbegu za malisho kwa walowezi, na mahindi chotara yaliyoipa sifa yalikuja miaka kadhaa baadaye. Klova nyeupe ya Kenya nayo ilisafiri mbali, kwa kuwa huko Australia ilichaguliwa na kuenezwa kwa jina la Safari, na huenda ndiyo sababu klova hii ilipata kuandikwa sana ng'ambo kuliko nyumbani kwake.

Kemikali asilia zinazohusika zaidi hapa ni zile za kundi la isoflavoni, ambazo hupatikana karibu katika mimea ya jamii ya kunde peke yake. Mmea huzitengeneza kutokana na feniloalanini, mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kwa kuipitisha katika mfululizo wa hatua zinazosimamiwa na vimeng'enya. Zile zinazotajwa mara nyingi katika klova ni fomononetini na biokanini A, na jirani yao wa karibu katika ukoo huo ni kumestroli, ambayo iligunduliwa Marekani mwaka 1957 katika klova nyeupe ya kawaida, isiyo ile ya Kenya, na katika lusini, mmea mwingine wa malisho. Mmea hauzitengenezi kwa ajili ya mnyama. Baadhi hukinga majani dhidi ya kuvu, nyingine huzungumza na vijidudu vya udongoni, na kuna zinazokusanyika tu pale mmea unapojeruhiwa au unapokosa chakula. Hata hivyo, umbo lao linafanana vya kutosha na la estrojeni, homoni ya uzazi ya mnyama jike, kiasi kwamba zikifika mwilini kwa wingi huiga kazi yake.

Ulimwengu uliujua ufanano huo kwa hasara. Katika miaka ya 1940 wafugaji wa kondoo wa Australia Magharibi, waliokuwa wameeneza klova ya Mediterania inayozika mbegu zake ardhini, waliona kondoo majike wenye afya nzuri wakikosa kushika mimba mwaka baada ya mwaka, wengine wakipata matatizo ya kuzaa, na hata madume waliohasiwa wakitoa maziwa. Mwaka 1946 H. W. Bennetts na wenzake walieleza kwa maandishi kwamba chanzo kilikuwa malisho yenyewe. Baadaye ikabainika kwamba fomononetini inapofika katika tumbo la kwanza la kondoo hugeuzwa na bakteria kuwa daidzeini na kisha kuwa ekuoli, ambayo hudumu katika damu na ina nguvu kuliko ilikotoka, ilhali biokanini A huvunjwavunjwa na kuishia kuwa kitu kisicho na madhara. Kondoo aliyekula klova ya aina hiyo kwa misimu mfululizo huharibika shingo ya mfuko wa uzazi bila kupona. Ng'ombe hugeuza kemikali hizo kwa njia ileile, lakini mwili wake hauzijali sana, na dalili zake, kama vile kurudia joto bila mpangilio, kwa kawaida huisha malisho yakibadilishwa. Waaustralia waliamua kuzalisha aina mpya za klova zenye fomononetini kidogo, na kipimo cha asilimia 0.3 ya uzito mkavu kikawa mpaka unaowatia wasiwasi.

Klova nyeupe, kwa kawaida, haina kiasi kikubwa cha kemikali hizi, na mfugaji wa Mlima Elgon hana sababu ya kuiogopa kama alivyoogopa mwenzake wa Australia. Lakini katika klova nyeupe na lusini kiasi cha kumestroli hupanda pale majani yanaposhambuliwa na kuvu, na katika klova ile ya Mediterania fomononetini huongezeka ardhi inapopungukiwa na fosforasi, jambo ambalo watafiti wa Perth walilithibitisha katika miaka ya 1960. Kiwango cha kemikali asilia, kwa hiyo, hakifungwi na mbegu peke yake: hufuata pia masaibu yanayoupata mmea katika maisha yake. Dawa ya magugu inayoufikia mmea bila kuuua ni mojawapo ya masaibu hayo, tena ni lile ambalo mkulima hulileta kwa mkono wake mwenyewe.

Dawa zinatofautiana sana katika jambo hili, na ni kosa kuziweka zote katika kapu moja. Glaifosati, ambayo John Franz wa kampuni ya Monsanto aliitambua mwaka 1970 kuwa dawa ya magugu na ambayo leo haikosekani katika maduka ya pembejeo ya Kimilili, Chwele na Kitale, hufanya kazi kwa kuziba hatua moja tu katika njia ya shikimati, yaani mfululizo wa hatua ambao mimea hutumia kutengeneza feniloalanini na asidi amino nyingine mbili. Steinrücken na Amrhein walikionyesha kimeng'enya kinachozibwa mwaka 1980. Mmea uliopata dozi kamili hufa kwa kukosa protini. Mmea uliopata matone machache ya upepo huishi, lakini mali ghafi inayohitajika kwa isoflavoni imepungua mlangoni, na kinga inayotegemea isoflavoni hupungua nayo. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba soya iliyopewa glaifosati kidogo ilishindwa kutengeneza gliseolini, kemikali yake ya kujikinga, na ikashambuliwa na ugonjwa ambao kwa kawaida ingeustahimili. Miaka michache baadaye, nchini Kanada, Johal na Rahe walipata matokeo ya aina hiyo kwa maharagwe na ugonjwa wa anthraknosi, unaoacha madoa meusi kwenye maganda. Mkulima wa kaunti ya Bungoma anaujua ugonjwa huo bila kuhitaji maelezo ya maabara, na pengine angependa kujua kwamba safu ya maharagwe iliyo karibu na shamba lililopuliziwa kwa ajili ya kuua sangari inaweza kuwa imepokonywa sehemu ya kinga yake bila jani hata moja kugeuka njano.

Kundi la dawa za difenili etha, kama vile asifluofeni, laktofeni na oksifluofeni, huelekeza mambo upande ule mwingine. Dawa hizi huchoma: jani likipata mwanga, huzalisha ndani yake oksijeni kali inayopasua ngozi za seli. Seli zilizo kando ya jeraha hupokea habari hiyo kama shambulio, nazo huanza kutengeneza kemikali za kinga kwa wingi. Mwaka 1983 Kömives na Casida, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, waliripoti kwamba asifluofeni iliongeza kemikali hizo katika mazao kadhaa, na mimea ya jamii ya kunde ilikuwa miongoni mwa yaliyoitikia kwa nguvu. Laktofeni ilifikia hata kujaribiwa kwenye soya kwa makusudi ya kuamsha kinga dhidi ya kuvu, kana kwamba dawa ya magugu ni chanjo. Klova iliyochomwa majani ya juu na kuchipua tena iko katika hali hiyohiyo, na mfugaji anayewaachia kondoo waingie siku chache baada ya kupulizia huwalisha mmea uliojaa silaha.

Kundi la tatu ndilo lenye historia ndefu zaidi katika malisho, nalo ni la dawa zinazoiga oksini, homoni ya ukuaji wa mimea. 2,4-D, iliyoingia sokoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, huua magugu yenye majani mapana na kuacha nyasi na mahindi, na kwa sababu klova nayo ina majani mapana, malisho yaliyopuliziwa 2,4-D hubaki nyasi tupu. Katika miaka ya 1950 Louis Wain wa Chuo cha Wye, Kent, alipata njia ya werevu ya kuizunguka shida hiyo. Alitumia 2,4-DB, ambayo yenyewe si sumu kwa mmea mpaka mmea uikate mkia na kuigeuza kuwa 2,4-D. Magugu mengi yana vimeng'enya vya kuikata haraka, lakini klova na lusini huikata polepole, hivyo huokoka. Huu ni mfano mzuri wa dawa iliyobuniwa kwa kuielewa kemia ya mmea, na ni sawa kuusifu. Ila kukata polepole si kutokata kabisa, na klova iliyookoka huonekana kwa wiki kadhaa ikiwa na mashina yaliyopinda na ukuaji uliosimama, yaani ikiwa mgonjwa anayepata nafuu.

Dawa za kundi hili zina tabia nyingine ambayo ingestahili kujulikana zaidi miongoni mwa wafugaji. Mwaka 1950 Stahler na Whitehead walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba majani ya viazisukari yaliyopuliziwa 2,4-D yalikusanya nitrati kwa kiwango kinachoweza kumdhuru ng'ombe, kwa sababu mmea uliovurugwa uliendelea kufyonza nitrati bila kuigeuza kuwa protini. Magugu mengine yenye sumu, ambayo mnyama huyapita kwa sababu ya uchungu wake, huongezeka sukari yanapoanza kunyauka kwa dawa, na mnyama aliyeyakataa jana huyala leo. Kwa nafaka yenyewe, Oka na Pimentel walichapisha mwaka 1976 kwamba mahindi yaliyopuliziwa 2,4-D yalipata vidukari na viwavi vya mabua wengi zaidi na kushikwa na magonjwa kwa urahisi. Katika kaunti ya Trans Nzoia, inayojihesabu kuwa ghala la mahindi la Kenya, matokeo hayo ya nusu karne iliyopita yangefaa kubandikwa katika kila duka la dawa.

Habari za uzazi wa kondoo ndizo huvuta macho, lakini kwa ardhi ya Elgon madhara makubwa zaidi huenda yako chini ya udongo. Klova hulisha malisho yote kwa sababu mizizi yake ina vinundu ambamo bakteria wa kundi la rizobia huichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Bakteria hao hawaingii mzizini kwa bahati. Mwaka 1986 ilithibitishwa kwamba mizizi ya klova nyeupe hutoa flavoni, ndugu wa isoflavoni, na kwamba flavoni hizo ndizo zinazowasha jeni za bakteria zinazohusika na kuunda vinundu. Bila ishara hiyo hakuna kinundu, na bila kinundu klova ni jani tu kama majani mengine. Klova za Afrika zina masharti magumu zaidi: Norris na 't Mannetje walieleza mwaka 1964, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, kwamba rizobia wanaoitumikia klova ya Ulaya hawafai kwa spishi nyingi za Kiafrika, ambazo huhitaji bakteria wa kwao. Kwa hiyo uhusiano wa klova ya Kapsokwony na udongo wake ni wa pande mbili zilizozoeana kwa muda mrefu, na dawa inayopunguza flavoni hukata mazungumzo ambayo hayawezi kurejeshwa kwa pakiti ya bakteria iliyotoka ng'ambo.

Kuhusu fosforasi hali ni hiyohiyo. Udongo wa magharibi mwa Kenya kwa sehemu kubwa una asidi na hushikilia fosforasi kwa nguvu, hivi kwamba mizizi hutegemea kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zao hufika mahali ambapo mzizi haufiki. Mwaka 1991 Nair, Safir na Siqueira walitoa fomononetini na biokanini A kutoka katika mizizi ya klova nyeupe iliyokuzwa bila fosforasi ya kutosha, wakaonyesha kwamba kemikali hizo huwachochea kuvu hao kukua. Kemikali ileile inayomtia hofu mfuga kondoo wa Australia ndiyo inayoiwezesha klova kula katika udongo maskini. Anayetaka kuipunguza kwa ajili ya mnyama, na anayeipunguza bila kujua kwa glaifosati, wote wawili wanagusa mizani ambayo upande wake wa pili umefukiwa ardhini.

Desmodiamu inaonyesha thamani ya kemikali hizi waziwazi zaidi kuliko klova. Mmea huu wa jamii ya kunde, ambao Kitale iliufanyia utafiti kama lishe, ulichukuliwa na Zeyaur Khan na wenzake wa taasisi ya ICIPE kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Kenya, ukapandwa katikati ya mistari ya mahindi katika mbinu inayoitwa sukuma-vuta, ambayo majaribio yake ya mashambani yalifanyika miaka ya 1990 katika maeneo ya Suba na Trans Nzoia. Nia ya kwanza ilikuwa kuwafukuza viwavi vya mabua. Ndipo ikaonekana kwamba gugu la kayongo, linalonyonya mizizi ya mahindi katika sehemu za chini za Bungoma na kandokando ya Ziwa Victoria, lilitoweka penye desmodiamu. Mizizi yake hutoa isoflavanoni zinazoziotesha mbegu za kayongo kabla ya wakati na nyingine za ukoo wa flavoni zinazozuia chipukizi hilo kushika mzizi wa mahindi. Hii ni dawa ya magugu inayotengenezwa na mmea wenyewe, bila bomba wala lebo, na hutoka katika njia ileile ya feniloalanini ambayo glaifosati huifunga. Mkulima anayepulizia glaifosati kwenye mpaka wa shamba lake la sukuma-vuta hujikuta anatumia dawa moja kuidhoofisha nyingine iliyo bora kuliko hiyo kwa kazi hiyo.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana na maziwa ni katika ufugaji wa zizini, ambao umeenea Bungoma na Trans Nzoia kadiri mashamba yanavyogawanywa. Ng'ombe hafuati malisho tena. Malisho humfuata yeye, yakiwa yamekatwa na kubebwa kichwani au kwa pikipiki. Pamoja na matete ya kulisha ng'ombe huja magugu yaliyong'olewa kwenye mahindi na viazi, na klova iliyofyekwa kando ya barabara, na mara nyingi aliyepulizia na aliyekata si mtu mmoja. Mnyama aliye malishoni huchagua, akaonja hapa na kuacha pale, lakini wa zizini hula kilichowekwa mbele yake. Lebo za dawa zinazosajiliwa na bodi ya serikali iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982 hutaja siku za kungoja kabla ya kulisha mifugo, nazo ni kanuni zinazofaa kuheshimiwa, ila siku hizo hukokotolewa kutokana na kasi ya kutoweka kwa dawa, si kutokana na muda ambao mmea huchukua kurejea katika hali yake.

Kwa sababu hiyo, tahadhari zinazofaa kwa Kapsokwony hazihitaji maabara. Dawa inayochoma hutakiwa kuachiwa muda mpaka klova itoe majani mapya kabisa, na majani yenye madoa ya ugonjwa au ya kuungua hayafai kupewa kondoo jike wakati wa kupandishwa. Kuongeza fosforasi na chokaa katika malisho hupunguza dhiki ya mmea kabla dawa haijafikiriwa. Kingo za shamba zenye klova hupona zikiachiwa ukanda usiopuliziwa upande upepo unakoelekea, na kwa kuwa upepo wa mlima huu hushuka asubuhi na kupanda mchana, anayepulizia mapema, kabla jua halijapasha miteremko, hupeleka matone upande wa chini. Ni busara kwake kujua ni ng'ombe wa nani wanaokula huko.